Panya Waliopakatwa

Kila asubuhi, kabla chai haijachemka, Mama Bonge alimwendesha mumewe baiskeli isiyokuwepo. Alipanda kitandani kwa magoti, akashika kifundo cha mguu wa kulia kwa mkono mmoja na nyuma ya goti kwa mkono wa pili, akakunja, akakunjua, akakunja, mpaka mguu ukalegea kidogo, kisha akahamia wa kushoto. Mumewe alilala chali akitazama dari aliyoipaka rangi mwenyewe, zamani za ngazi na brashi.

"Tumefika wapi?" aliuliza.

"Bado tuko mlimani."

"Basi kanyaga. Mimi abiria tu, mlima wala mteremko sivijui."

Bonge, binti yao, aliyepewa jina hilo kwa ajili ya mashavu, alikaa pembeni mwa kitanda akimkunja na kumkunjua miguu mwanasesere wake wa kitambaa. Hakuna aliyemfundisha. Alidhani ndivyo watu wote wanavyoamshwa.

Baba Bonge alikuwa fundi rangi. Alianguka kutoka kwenye jukwaa la mbao, ghorofa ya tatu ya jengo la watu wengine, ndoo ya rangi ikamfuata. Mikono salama, kichwa salama. Hospitalini wakasema mshipa mkuu wa fahamu, ule unaopita ndani ya uti wa mgongo, umepondeka, na kuanzia kitovuni kushuka chini habari haziendi tena. "Haziendi," alisema daktari wa zamu, kama mtu anayezungumzia barabara iliyokatwa na mvua. Mama Bonge alikuwa na mimba ya miezi sita. Alikaa kwenye benchi la korido, mikono juu ya tumbo, akingoja mtu aje aseme barabara itafunguliwa lini. Watu walipita na mashuka, na ndoo, na vyeti vyao. Hakuna aliyesema.

Waliishi katika vyumba viwili vya kupanga kwa mama mwenye nyumba mpole, na mlango wa nje ulikuwa mwembamba. Kiti cha magurudumu walichopewa na kliniki kilipita hapo kikiwa kimekunjwa, lakini kikiwa na mtu ndani hakikupita, ukikisukuma kwa mbele au kwa nyuma. Kwa hiyo kiti kiliishi nje ukutani, kimefunikwa gunia la saruji, na mwenyewe aliishi ndani. Siku ya kliniki, jirani yao mchomeleaji mageti alikuja kumbeba mgongoni.

"Shemeji, huyu bwana unamlisha nini?" alikuwa akimuuliza Mama Bonge, jasho likimtoka. "Kila mwezi anaongezeka."

"Mwache anenepe," Baba Bonge alijibu kutoka mgongoni kwake. "Kazi yangu ngumu hii ya kulala, inataka mwili."

Mama mkwe alikuwa amelisemea jambo la mlango mpaka amechoka. Fundi uashi alikuwepo, ndugu yake wa karibu. Mwenye nyumba alikuwa amekubali. "Ni kutoa tofali moja moja kila upande, mwanangu. Ukae barazani kama watu, upate jua, uone wapitao."

"Mama, mlango huu niliingia kwa miguu."

"Najua uliingia kwa miguu."

"Basi nitatoka kwa miguu. Ukuta wa watu tuuache."

Mama mkwe alimtazama mkwewe, na mkwewe akainamia sufuria. Maana maneno hayo hayakutoka hewani. Yalitoka kazini kwa Mama Bonge.

Kazi yenyewe aliipata kupitia kwa nesi wa kliniki, aliyemwona jinsi anavyombadilisha mumewe mpira wa mkojo bila kumuumiza wala kuzungusha macho. Nesi akamwambia kuna daktari chuoni, mwanamke, anafanya utafiti wa majeraha ya uti wa mgongo, anatafuta mtu mwenye mikono taratibu asiyeogopa mikojo. "Lakini wagonjwa wake ni panya," nesi alisema. "Usije ukaniambia sikukueleza."

Panya wenyewe walikuwa weupe, wenye macho mekundu, wanene wa matunzo. Walikuwa wamelazwa kwa dawa ya usingizi, wakapasuliwa mgongo, ule mshipa ukaminywa kwa kifaa kidogo, wakashonwa. Wakizinduka, nusu ya nyuma ilikuwa imekufa. Walijikokota kwa miguu ya mbele, ya nyuma ikifuata kama nguo mbichi. Na kama Baba Bonge, hawakuweza kukojoa wenyewe. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya Mama Bonge: kuwalisha, kuwabadilishia maranda ya kulalia, na kila asubuhi na mchana kuwashika mmoja mmoja, kukitafuta kibofu tumboni kwa ncha za vidole, kikiwa kama zabibu iliyojaa, na kukikamua polepole mpaka mkojo utoke wote. Ukikamua kwa pupa kinapasuka. Ukikamua kidogo, mkojo unaoza ndani na panya anakufa. Yeye hawakumfia.

Mtaani wakamwita Mama Panya. Bombani, mama mmoja mwenye ndoo ya bluu alizoea kumuuliza, "Mama Panya, wanao hawajambo?"

"Hawajambo, wanakusalimu. Wanauliza utakuja lini kuwaona."

"Waambie nimewawekea sumu."

"Nitawaambia shangazi yao amewatumia zawadi."

Walicheka, na foleni ikasogea.

Nyumbani mumewe aliwaita panya "wenzangu." Jioni, kabla hajauliza habari nyingine, aliuliza hiyo. "Wenzangu wameshindaje?" Na Mama Bonge alimweleza: nani amekula, nani amemtafuna mwenzake sikio, nani ameweka unyayo wa nyuma chini kwa mara ya kwanza. Siku alipomwambia habari ya unyayo, Baba Bonge aliitazama miguu yake mwenyewe chini ya shuka.

Daktari alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye sweta lenye viwiko vilivyochakaa. Miaka mingi alikuwa amebisha hodi kwa wafadhili, wengi wakimwambia kwamba uti wa mgongo hauna faida, fedha ziende kwenye maradhi yanayopona. Hatimaye shirika moja lilikubali kumlipia hatua ya kwanza tu. Wakati Mama Bonge anaanza kazi, alimweleza hivi: "Dawa hii tunaijaribu kwa panya. Wakifaulu, tutaomba fedha za wanyama wakubwa zaidi. Wakifaulu hao, ndipo tufikirie watu. Na ikifika kwa watu, ningependa ianze kwa wagonjwa wa kliniki yetu."

Mama Bonge aliyabeba maneno hayo mpaka nyumbani, lakini mlango ulikuwa mwembamba. Yaliyoingia ndani ni ya mwisho tu: itaanza kwa wagonjwa wa kliniki yetu.

Jambo jingine Daktari alilomwambia siku hiyo ni hili. Nusu ya panya wangechomwa dawa, nusu wangechomwa maji ya chumvi, ili mwisho walinganishwe. Vichupa vilifanana kama mapacha. Nani anapata nini, alijua mtu mmoja wa ofisi nyingine, basi. Hata Daktari hakujua, wala kijana wake wa vipimo, aliyeitwa Miwani kwa sababu aliipangusa miwani yake kila alipotaka kufikiri. "Kwa hiyo watunze wote sawasawa," Daktari alisema. "Anachopata huyu, apate na yule."

"Sawa, Daktari," Mama Bonge alisema. Na tangu siku ile chakula chao kilikuwa kijiko kwa kijiko, maji mstari kwa mstari.

Mambo mengine yalianza kwa panya mmoja wa tundu la chini, karibu na mlango. Wenzake wengi walikuwa wameanza kutikisa miguu ya nyuma, baadhi wakiikanyagia. Huyu alijikokota vilevile, tumbo likisugua maranda. Mama Bonge alimwita Mvivu, kisha akaona aibu, maana si uvivu. Mchana mmoja, Daktari na Miwani wakiwa wamepanda juu kwenye kikao chao cha kila siku, alimaliza kumkamua Mvivu lakini hakumrudisha. Alitandika taulo mapajani, akamlaza ubavu, akashika ule mguu mdogo kati ya kidole gumba na cha shahada. Akakunja. Akakunjua.

Mtaalamu wa mazoezi wa kliniki alikuwa amewaambia mara ngapi? Mguu usipofanyishwa kazi unasahau. Mguu wa mtu unasahau, wa panya utakumbuka kwa nini?

Panya aliacha kutetemeka. Baada ya muda alifumba macho.

Kesho yake alimpakata tena, na yule mwenye sikio lililotafunwa. Wiki iliyofuata wakawa wengi zaidi, wote wa namna moja: wale waliobaki nyuma. Wenye nguvu hakuwagusa zaidi ya kuwakamua. Wale walikuwa wameshaipata njia yao. Mama yeyote mwenye watoto wengi anajua nani alale ubavuni kwake usiku wenye baridi, hamwulizi mtu.

Miwani aliwahi kurudi ghafla kuchukua kalamu, akamkuta na panya mapajani. Alidhani anakamua. "Dada, una mikono ya ajabu," alisema. "Hawa wa awamu yako hawana hata kidonda." Akachukua kalamu, akaenda zake. Na Mama Bonge hakuona kuwa anaficha kitu, kwa hiyo hakuona cha kusema.

Mvivu alisimama. Si kusimama kwa kujivunia. Aliyumba, makalio yakienda huku na yeye akienda kule, lakini nyayo zilikanyaga. Jioni ile Mama Bonge alipofika nyumbani hakungoja kuulizwa.

"Mvivu ametembea."

"Mvivu yupi? Yule wa mlangoni?"

"Yuleyule."

Baba Bonge alijiinua kwa viwiko. "Kama yule ametembea," alisema, "basi dawa hii ina kitu." Akamwita mama yake aliyekuwa uani, amwambie asimsumbue tena na habari za fundi uashi.

Siku ya kufungua siri ilikuja na mvua. Vipimo vya mwisho vilikuwa vimekwisha, na wafadhili walitarajiwa baada ya siku mbili. Miwani aliingia chumba cha panya na utepe wa bluu, karatasi ya ofisi ile nyingine ikichungulia mfukoni, akaanza kubandika utepe kwenye matundu ya waliopewa dawa. Mama Bonge alikuwa akifagia. Aliona utepe ukibandikwa kwenye tundu la wale wawili wakorofi, waliotembea mapema. Ukabandikwa kwa yule mnene. Alisogea na fagio lake. Mwenye sikio lililotafunwa hakubandikwa. Mvivu hakubandikwa. Karibu wanyonge wake wote, mmoja baada ya mwingine, Miwani aliwapita kama mgeni anayepita milango asiyoifahamu.

Daktari alikuwa amesimama dirishani.

"Soma tena," alisema.

"Nimesoma, Daktari. Zimelingana."

"Haziwezi kulingana."

"Alama za waliopewa dawa ni nzuri. Na za waliopewa maji ya chumvi ni nzuri vilevile. Ukiwachanganya huwezi kuwatenganisha." Akavua miwani, akaipangusa kwa pindo la koti.

"Panya wa maji ya chumvi hatembei hivi. Sijawahi kuona." Daktari alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayepekua mkoba wake mwenyewe. "Labda majeraha yalikuwa mepesi."

"Tuliyapima sote wawili."

Mama Bonge alijisikia akiuliza, fagio likiwa kifuani. "Samahani, Daktari. Wasio na utepe ndio hawakupata dawa?"

"Ndio hao."

"Na wakitembea, ni vibaya?"

Daktari aligeuka, akamjibu taratibu, maana alikuwa mtu wa adabu hata siku kama ile. "Wao walitakiwa wabaki nyuma, Mama Bonge. Ili mtu aone tofauti. Kama asiyepata dawa anatembea sawa na aliyepata, dawa imefanya nini?"

Mvua iligonga bati la ghala la jirani. Mama Bonge alifagia mahali palepale alipokwisha kufagia. Alimaliza zamu, akakamua wote, wenye utepe na wasio na utepe, akaenda nyumbani bila mwavuli.

Jioni ile ilikuwa ya kumkagua mumewe mgongo. Alimgeuza ubavu, akashika taa, akatazama matako na visigino kama kuna wekundu unaoanza kuwa kidonda. Bonge alikuwa uani kwa bibi yake.

"Leo wamefungua," Baba Bonge alisema, uso ukiwa juu ya mto. "Unanyamaza nini? Wenzangu wamefaulu?"

Akamwambia yote. Alimwambia akiwa nyuma yake, taa mkononi, na hakuacha kutazama ngozi.

Baba Bonge alimwacha amalize. Kisha akauliza, "Ni wangapi uliowafanyia?"

"Sikuwahesabu. Ni wale wanyonge."

"Wale wanyonge."

"Wenye nguvu walikuwa wanatembea wenyewe."

"Kwa hiyo wenye dawa umewaacha, wasio na dawa umewabeba mpaka wakawafikia."

"Sikujua."

"Nani amesema ulijua?" Sauti yake haikupanda. "Kunja, kunjua. Mpaka panya." Akacheka kidogo kwa pua, kicheko kibaya. "Nigeuze."

"Nikugeuzie upande gani?"

"Ukutani."

Alikuwa hawezi hata kumpa mkewe mgongo bila mkewe kumsaidia. Mama Bonge aliweka mkono mmoja begani na mwingine nyongani, akamgeuza auelekee ukuta, akamwekea mto kati ya magoti ili mifupa isigusane, akamfunika. Akatoka kwenda kumchukua mtoto.

Asubuhi alipopanda kitandani kushika mguu, mumewe alisema, "Leo acha." Baadaye kidogo akasema, "Kaa hapo. Nieleze kitu. Usiposema, watasema nini kuhusu dawa?"

"Watasema haifai."

"Na wataitupa."

"Wataitupa."

"Ukisema?"

"Watanifukuza. Na utafiti wote umeharibika, itabidi waanze upya. Fedha za kuanza upya hawana."

"Lakini hawatasema haifai."

"Watasema haijulikani."

Baba Bonge alikuna ndevu zake. Alikuwa hajalala, ilionekana machoni. "Kaseme," alisema. "Usije ukawaacha wakaizika ikiwa inapumua." Na mkewe alipokuwa mlangoni, akiinama kumfunga Bonge kiatu, akamwongezea, "Kaseme leo. Usingoje hao wafadhili waje."

Daktari alimsikiliza akiwa amekaa kwenye kiti kifupi cha chumba cha panya. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Nionyeshe."

Mama Bonge alitandika taulo, akampakata Mvivu. Panya yule alijilaza mwenyewe ubavu, akanyoosha mguu kabla hajashikwa, kama mteja wa siku zote. Miwani, aliyekuwa amesimama mlangoni, aliona hilo akatoka nje ya chumba.

"Wote wasio na utepe?" Daktari aliuliza.

"Karibu wote. Na mmoja mwenye utepe, naye alikuwa mnyonge."

"Nilikwambia sawasawa."

"Ndiyo, Daktari. Nikadhani unasema chakula na maji."

Daktari aliuangalia ule mguu ukikunjwa na kukunjuliwa. "Kwamba mazoezi yanasaidia, hilo tunalijua miaka mingi," alisema. "Si jipya. Nilitaka kujua dawa inasaidia kiasi gani ikiwa peke yake. Sasa sijui. Na sina panya wengine wa kuwauliza." Aliinuka, akashika ukuta kidogo. "Sikukueleza kwa nini. Ningekueleza kwa nini, usingefanya."

"Nisingefanya," Mama Bonge alisema. Kisha, kwa kuwa hakutaka kumdanganya mtu tena hata kwa bahati mbaya, akasema, "Au ningelia nikafanya siku moja moja. Sijui, Daktari."

Daktari alimtazama, na kwa mara ya kwanza alionekana mzee.

Wafadhili walikuwa watatu, wenye viatu visivyofika mahali penye maranda. Walisimama mlangoni. Daktari aliwaeleza kila kitu kama kilivyotokea, bila kumtaja mhusika kwa jina lolote, alisema "maabara yangu" na "usimamizi wangu." Aliomba muda na panya wapya. Walimsikiliza kwa heshima, wakaandika, wakashukuru. Simu ilikuja siku chache baadaye. Walisikitika sana. Jambo la uti wa mgongo ni gumu, walisema, na wako wengine wanaoomba ambao vyumba vyao vina nidhamu zaidi. Daktari aliweka simu chini na kwenda kumwambia Mama Bonge mwenyewe, ili asiisikie kwa Miwani.

"Mwisho wa mwezi tunafunga chumba," alisema.

"Na dawa?"

"Iko kwenye friji. Nitaandika maombi mengine. Kuna watu nchi za mbali wanajaribu kitu kinachofanana na hiki." Akaongeza, "Ni miaka, Mama Bonge. Usiipeleke nyumbani kama ya kesho."

Siku ya mwisho panya walilazwa usingizi wa kutoamka. Ndivyo ambavyo ingekuwa hata wangefaulu. Mama Bonge alijua tangu mwanzo kwamba mwisho wa kila utafiti mgongo hufunguliwa, mshipa ukatazamwa umeota nini. Tofauti ni kwamba safari hii hapakuwa na fedha za kuutazama. Daktari aliitoa mishipa midogo mmoja mmoja, akaitia kwenye vichupa, akavipanga kwenye friji, kwamba labda siku moja atatokea mtu wa kulipia. Kabla ya hapo, wakati wa kulazwa, Mama Bonge ndiye aliyeombwa awashike. Hawakuogopa mikono yake, na hilo ndilo lililomwia gumu. Mvivu alinyoosha mguu.

Kesho yake alirudi bombani asubuhi, mapema kuliko kawaida. Mama wa ndoo ya bluu akamwona.

"Mama Panya, leo hukwenda? Wanao hawajambo?"

"Wamekwisha," Mama Bonge alisema.

Yule mama alimtazama usoni. Alisogeza ndoo yake nyuma, akamwachia zamu.

Baba Bonge hakuuliza tena habari za wenzake. Alikula, alichekesha mtoto, alimjibu mchomeleaji mizaha yake, lakini miguu yake ilikunjwa na kukunjuliwa asubuhi bila mlima wala mteremko, ili tu isikakamae. Mama mkwe naye hakusema neno la ukuta. Mpaka siku moja, akiwa anamnyoa mwanawe ndevu, mwanawe akamshika mkono wenye wembe akasema, "Mama. Mwite yule ndugu yako."

Fundi uashi alikuja na nyundo na patasi. Mchomeleaji alikuwa amekwisha kuunda fremu mpya ya chuma, pana, imeegeshwa nje karibu na kiti cha magurudumu. Gunia la saruji lilikuwa limeondolewa, na Bonge alikalia kiti hicho akijisukuma, akigonga ukuta, akirudi nyuma. Baba Bonge alikataa kubebwa apelekwe kwa jirani wakati wa kubomoa. Alisema atatazama. Wakamwegemeza kwa mito kitandani, uso umeelekea mlangoni, na mkewe akakaa ukingoni mwa kitanda na kitambaa cha kuzuia vumbi.

Nyundo ilipiga. Ukuta ule Baba Bonge alikuwa ameupaka mwenyewe kabla hawajaoana, rangi mbili alizozichanganya kwa makadirio ya jicho, na kila kipande kilichoanguka kilikuwa na ngozi ya rangi hiyo.

"Yule Mvivu," alisema, bila kumtazama mkewe. "Alitembea kweli, au ulikuwa unanipa moyo?"

"Alitembea."

"Vizuri?"

"Kwa kuyumba. Kama mlevi anayetafuta kwake."

"Lakini alitembea."

"Alitembea. Toka tundu mpaka mlangoni."

Baba Bonge aliitikia kwa kichwa polepole. Fundi alipiga tena, tofali likalegea, mwanga wa nje ukaingia na vumbi jeupe ndani yake, likatua kitandani, likatua juu ya magoti yake. Mama Bonge aliinama akaanza kulipangusa kwa kiganja. Na mumewe aliutazama mkono ule ukipita juu ya goti na kurudi, maana bila kuutazama asingejua kwamba anapanguswa.